Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Atapona Lini?

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutangaza idadi ya wageni walioingia visiwani, na idadi hiyo hupokelewa kwa shangwe. Mwaka 2019 walikuwa 538,264. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga anga, wakaporomoka hadi 260,644. Mwaka 2023 wakafika 638,498, na mwaka 2024 wakawa 736,755. Viongozi huzitaja takwimu hizi majukwaani kama vile mkulima atajavyo magunia ya karafuu. Sina ugomvi na takwimu. Ugomvi wangu unahusu swali ambalo haliulizwi baada ya makofi: nani aliwaleta wageni hawa, kwa masharti ya nani, na fedha walizolipa zilishuka wapi kabla wao wenyewe hawajashuka Kisauni?

Katika mijadala yetu ya utalii tumezoea kubishana juu ya ardhi ya ufukweni, mavazi ya wageni, ajira za vijana mahotelini na tabia za mapapasi wa Forodhani. Yote hayo yana uzito wake. Ndege tumeiacha nje ya mjadala. Tunaichukulia kama mvua: ikija tunashukuru, ikichelewa tunaomba dua. Ilhali ndege inayowaleta wageni Unguja ni biashara yenye wenyewe, yenye historia na yenye hesabu zake, na hesabu hizo ndizo zinazoamua mgeni atakaa siku ngapi, atakula wapi, atamlipa nani, na kama mpishi wa Pwani Mchangani atakuwa na kazi mwezi wa Aprili au atarudi nyumbani kusubiri.

Biashara hiyo ilianza mbali na hapa. Mwaka 1950 kijana mmoja wa London, Vladimir Raitz, alikodi ndege, akawapeleka watu Calvi katika kisiwa cha Corsica, na akawauzia kwa bei moja kila kitu: kiti cha ndege, hema la kulala na chakula. Wazo lilikuwa jepesi, na kwa wenye vitanda wa dunia nzima lilikuwa la hatari. Ukiuza kiti, kitanda na sahani kwa pamoja, mnunuzi hajui tena kipi kimegharimu nini, na wewe uliyesimama katikati ndiye unayegawa mafungu. Mwaka 1955 ikazaliwa Ujerumani kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Condor, na leo ndege zake zinatoka Frankfurt hadi Unguja. Uswisi ikapata Edelweiss mwaka 1995. Italia ikapata Neos, iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ubia wa kundi la utalii la Alpitour na Wajerumani, ikaanza kuruka mwaka 2002, kisha Alpitour ikaichukua yote. Yeyote aliyewahi kufika Kiwengwa hahitaji kuelezwa Waitaliano ni nani katika uchumi wa pwani ile. Watoto wa skuli huwasalimu wapita njia kwa Kitaliano kabla hawajamaliza kujifunza Kiingereza.

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo magazeti yetu huvichanganya. Iko kampuni ya ndege ya nauli nafuu, kama Southwest ya Marekani iliyoanza kuruka mwaka 1971, au easyJet ya Uingereza ya mwaka 1995. Hiyo humuuzia kiti abiria mmoja mmoja, yeyote yule, kwa safari fupi za mara nyingi kwa siku, na hula faida yake kwa kuijaza ndege na kutoiacha ilale. Na iko ndege ya mapumziko, ambayo desturi yake ni kuuza viti kwa jumla kwa wakala wa safari, naye akavifunga pamoja na kitanda na chakula. Siku hizi mipaka imefifia, na mtu anaweza kununua kiti peke yake mtandaoni katika kampuni za aina zote mbili. Hata hivyo tofauti ya msingi imebaki: ya kwanza humfuata abiria anakotaka kwenda, ya pili humpeleka abiria mahali ambapo wakala amekwisha nunua vitanda.

Hata sheria ya kimataifa inaitambua tofauti hii kwa namna yake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio katiba ya usafiri wa anga duniani, unatenganisha safari za ratiba na safari zisizo za ratiba. Za kwanza haziingii katika nchi bila ruhusa maalumu, na kwa kawaida ruhusa hiyo hutokana na mapatano ya serikali mbili. Za pili, ambamo ndege za kukodi za watalii zilikulia, zilifunguliwa mlango mpana zaidi. Lakini nchi inayopokea ilibakishiwa haki ya kuziwekea masharti. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo ya mwisho, maana nitairudia.

Sasa tuitazame ndege yenyewe inavyofanya kazi. Gharama zake kubwa hazipungui hata ndege ikiruka na nusu ya abiria: mafuta, kodi ya kuikodi ndege yenyewe, rubani, matengenezo, tozo za viwanja. Kwa hiyo kiti kitupu ni kama samaki wa jioni pale sokoni Malindi. Saa ikishapita hakina bei. Ili asibaki na samaki wa jioni, mwenye ndege hufanya mambo mawili. Kwanza, huifunga safari katika mzunguko wa juma: waliokuja Jumapili hii huondoka Jumapili ijayo, na ndege iliyowaleta wapya huondoka na wa zamani. Aghalabu huunganisha Zanzibar na Mombasa katika safari moja ya pembetatu, ili upungufu wa huku ujazwe na kule. Ndiyo maana kukaa kwa mgeni wetu kumekatwa kwa kipimo cha siku saba au kumi na nne. Ratiba ya ndege imekata. Pili, huuza mapema na kwa jumla, na pale mauzo yanaposuasua hushusha bei ya furushi zima. Anayebeba mshusho huo ni nani? Bei ya mafuta haishuki kwa sababu Milano kumekuwa na baridi ya uchumi. Kinachoweza kushuka ni bei ya chumba, na chumba kikishuka, hoteli hutazama vitu viwili inavyoweza kuvipunguza bila kuonekana: mshahara wa wafanyakazi wa msimu, na bei ya nyanya.

Nyanya zina habari yake. Sehemu kubwa ya mboga, matunda na mayai yanayoliwa katika hoteli zetu huvuka bahari kutoka bara, na baadhi ya vyakula huvuka bahari kubwa zaidi. Mkulima wa Kizimbani au wa Donge hashindwi kulima. Anachoshindwa ni kutoa kiasi kilekile, kwa ubora uleule, kila juma, kwa bei iliyopangwa mwaka mmoja kabla katika mkataba alioandikiana mtu mwingine Ulaya. Utafiti wa mnyororo wa thamani uliofanywa kwa ajili ya VSO, SNV na jumuiya ya wawekezaji wa utalii ZATI, uliotolewa mwaka 2010, ulikadiria kwamba takriban sehemu moja tu katika kumi ya mapato ya utalii wa Zanzibar iliwafikia wananchi masikini. Miaka imepita, na idadi ya wageni imepanda mara kadhaa tangu hapo. Je, fungu lile la moja katika kumi limepanda nayo? Hilo ndilo ningetamani tusomewe kila mwezi.

Mfano wa Alpitour unafaa kutazamwa kwa makini, kwani ni halali kabisa na hivyo hauhitaji kuhisiwa uovu wowote ndani yake. Kundi hilo lina mawakala wanaouza safari. Lina Neos inayowasafirisha wasafiri. Na lina kampuni ya hoteli, VOI, yenye hoteli yake pale Kiwengwa. Familia ya Bologna inaweza kulipa mara moja, kwao, kwa lugha yao. Ikaruka, ikalala, ikala na ikarudi, na sehemu kubwa ya malipo yake isitoke katika mfuko wa kundi lile moja. TUI ya Ujerumani nayo ina ndege zake na hoteli yenye jina lake Unguja. Huu ni ustadi wa biashara, na wafanyakazi wetu wanaolipwa mishahara humo wanazipata fedha halali. Lakini mtu asituambie kwamba mgeni huyu ni sawa na yule anayefika kwa mkoba wake, akapanga chumba Shangani, akala Forodhani, akapanda daladala hadi Jambiani. Katika jedwali la takwimu wote wawili ni mmoja. Katika jiko la mama wa Jambiani, si hivyo.

Historia yetu inatupa mizani ya kupimia jambo hili, na ni mizani iliyomo katika mawe ya Mji Mkongwe. Mji ule ulijengwa na msimu. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na kati ya pepo mbili hizo nahodha na mabaharia wake walilazimika kukaa. Walipanga nyumba, walinunua chakula cha miezi, walitengeneza vyombo vyao kwa mafundi wa hapa, wengine walioa. Sitaki kuupaka sukari msimu ule. Majahazi hayohayo yalibeba watumwa, na utajiri wake uliishia katika majumba ya wachache. Ninachosema ni kuhusu upepo. Upepo haukuwa wa mtu. Msimu wa leo, ule wa Julai na Agosti na ule wa Krismasi, unapangwa ofisini, na aliyeupanga anaweza kuuhamishia Cape Verde, Misri au Maldives kwa uamuzi wa alasiri moja.

Tumekwisha yaona hayo. Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, iliyokuwa na umri wa miaka 178, ilianguka usiku mmoja ikiwa na wateja takriban 600,000 walio safarini. Condor ilikuwa mali yake. Serikali ya Ujerumani haikuketi kuomba dua. Ndani ya majuma machache iliidhinishia Condor mkopo wa yuro milioni 380 ili ndege zisisimame, na korona ilipokuja ikaongezewa tena msaada wa serikali. Mnunuzi kutoka Poland alipojitoa mwaka 2020, Condor bado ilisimama, hadi mwaka uliofuata ilipopata mmiliki mkuu mpya. Nchi yenye soko huria, nchi ambayo wataalamu wake hutufundisha kwamba serikali isijiingize katika biashara, iliona kwamba ndege ya kuwapeleka wananchi wake likizo ni jambo la taifa. Mimi siwalaumu. Nawaona wana akili.

Korona ilipoingia, mwezi wa Machi 2020, Zanzibar yenyewe ilisimamisha ndege za watalii kutoka Italia, na ilifanya sawa. Katika majuma yaliyofuata tulijifunza ni kijiji gani kilikuwa na kitu kingine cha kushika na kipi hakikuwa nacho. Wanawake wa Paje waliokuwa bado na mashamba yao ya mwani walirudi majini. Waliouza au kuachia pwani zao hawakuwa na pa kurudi. Kisha tukafungua mapema kuliko wengi, na soko likageuka: ndege za kukodi kutoka Urusi na nchi jirani zake zikajaza nafasi ya Waitaliano. Februari 2022 vita vikaanza, na mamia ya watalii wa Ukraine wakajikuta wamekwama mahotelini Unguja, anga la kwao limefungwa na kadi zao za benki hazina uhakika. Serikali na wenye hoteli waliwahifadhi, na hilo ni jambo la heshima ambalo Wazanzibari wana haki ya kujivunia. Lakini ndani ya miaka miwili uchumi wetu ulitikiswa mara mbili na mambo yaliyotokea Lombardia na Kyiv, na hakuna kikao cha hadhara ninachokikumbuka kilichoitishwa kuuliza kwa nini.

Wapo watakaoniambia: usiitukane ndege nafuu, kwani ndiyo iliyovunja ukiritimba wa matajiri na kumpa mnyonge mbawa. Nakubaliana nao, na ndiyo hoja yangu kubwa zaidi. Tuzungumze basi juu ya mnyonge wa hapa.

Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi. Waliothibitishwa kufa mwanzoni walizidi 200. Uchunguzi ulipokamilika, waliotoweka walihesabiwa kwa zaidi ya elfu moja. Tarehe 18 Julai 2012, kabla hata mwaka haujatimia, MV Skagit ikitokea Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Karibu kila mtaa wa Unguja na kila shehia ya Pemba iligusika. Hawa hawakupanda meli kwa kupenda upepo wa bahari. Walipanda kwa sababu usafiri mwingine, ule wa dakika ishirini kwa ndege, haukuwa wao.

Miezi minne baada ya Skagit, tarehe 29 Novemba 2012, kampuni ya fastjet iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nyuma yake alikuwapo Stelios Haji-Ioannou, mwasisi wa easyJet, na mtaji uliokusanywa London. Nauli yake ya kuanzia ilikuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Baadaye Zanzibar nayo ikaingia katika ratiba yake. Kampuni yenyewe ilijigamba kwamba sehemu kubwa ya abiria wake hawakuwa wamewahi kupanda ndege maishani, na ukiwa kiwanjani siku zile uliamini: wanafunzi, wachuuzi wa nguo, wazee wanaokwenda Muhimbili kwa matibabu, watu wanaokwenda mazikoni na kuwahi kuzika. Kwa kipindi kifupi nchi hii ilikuwa na usafiri wa anga usiomtaka abiria awe mtumishi mwenye posho au mtalii mwenye dola.

Sitadai kwamba fastjet ilikuwa malaika. Tiketi ilikuwa nafuu kwa aliyejua kununua mapema na kusafiri bila mzigo; aliyechelewa alilipa bei ya kawaida, na aliyekuja na mfuko wa ndizi kutoka shamba alilipia na ndizi. Faida haikupata kudumu. Ndege zake zilikodiwa kwa dola na abiria wake walilipa kwa shilingi, na shilingi ilipoanguka mwaka 2015 pengo hilo likawa shimo. Airbus kubwa ziliondolewa, zikaja Embraer ndogo. Novemba 2018 wenye mtaji wa nje walijitoa na hisa zikaenda kwa Lawrence Masha, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mwezi uliofuata Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ikatoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni na mapungufu ya uendeshaji. Ndege zikasimama wakati wa msimu wa sikukuu, abiria wakiwa na tiketi mkononi.

Mamlaka ilikuwa na wajibu wa kulinda usalama, na kampuni isiyolipa madeni haina haki ya kubembelezwa. Lakini linganisha. Ujerumani iliilinda Condor kwa sababu ilijua thamani ya kile kitakachopotea. Sisi tuliizika fastjet bila hata kuuliza kama kuna njia ya kuokoa kile ilichokiunda, yaani abiria mpya, Mtanzania wa kawaida aliyejifunza kuruka. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiweka fedha nyingi kulifufua shirika la Air Tanzania, lililopokea ndege zake mpya kuanzia mwaka 2016. Ni sawa, nchi kuwa na shirika lake si dhambi. Swali ni kama fedha hizo za umma zimerudisha ile nauli ya mwanafunzi na ya mgonjwa. Atakayejibu ajaribu kwanza kumsafirisha mzee wake kutoka Pemba hadi Dar es Salaam kwa ndege, alipe mwenyewe, kisha aje tuzungumze.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo wasomaji wangu walio serikalini hulijua vyema kuliko mimi, ingawa wengi wao hawalisemi isipokuwa kwenye baraza la kahawa. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano; umo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, pamoja na bandari, posta na simu. Utalii si jambo la Muungano. Viwanja vya ndege vya Zanzibar vinaendeshwa na mamlaka yake yenyewe. Kwa hiyo serikali inayomtegemea mtalii kwa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni haitoi leseni ya ndege inayomleta, na mamlaka inayotoa leseni haihesabiwi utendaji wake kwa nyanya za Donge. Sisemi kwamba dawa ni kuyavunja mambo ya Muungano. Wako wengine wenye hoja hiyo na wanajua kuitetea. Nasema kwamba pale majukumu yanapogawanywa hivi, kila upande hupata kisingizio, na wakala wa safari, ambaye hana Muungano wala Mapinduzi ya kujadili, hupita katikati akiwa na kalamu yake.

Kiwanja chenyewe ni mfano. Jengo la tatu la abiria pale uwanja wa Abeid Amani Karume lilijengwa na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, baada ya ucheleweshaji wa miaka. Ni jengo zuri, na anayekumbuka msongamano wa jengo la zamani hawezi kulibeza. Kisha uendeshaji wake ukakabidhiwa Dnata, kampuni ya kundi la Emirates la Dubai, pamoja na washirika wake, na maduka yake yakaenda kwa ndugu yake wa kundi hilohilo. Kampuni za wenyeji zilizokuwa zikihudumia ndege za kimataifa kwa miaka mingi zikajikuta nje ya mlango. Wenye kutetea uamuzi huu husema huduma imekuwa bora, na kwa macho yangu wanasema kweli. Lakini deni la jengo ni letu, la wavuvi na walimu na wauza urojo. Mkataba wa aina hii ulipaswa uwe katika maktaba ya SUZA, mwanafunzi wa mwaka wa pili aweze kuusoma na kuukosoa. Ubora wa huduma si jibu la swali la mgao.

Hoja ya mwisho ninayoisikia, na ndiyo inayonyamazisha watu wengi, ni ya woga: tukiwabana, watahamia kwingine. Woga huu una msingi; nimekwisha kusema ndege huhamishwa kwa uamuzi wa alasiri moja. Lakini tuutazame ushahidi wa karibuni. Tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kumtaka kila mgeni wa nje anunue bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44. Watu walilalamika, magazeti ya Ulaya yaliandika, mawakala walitikisa vichwa. Wageni waliendelea kuja. Kumbe sharti linawezekana. Kumbe ile haki iliyoachwa katika Mkataba wa Chicago haikufa, ilikuwa imelala. Kama tunaweza kumlazimisha mgeni anunue bima yetu, tunashindwaje kulitaka kundi linaloleta ndege iliyojaa kila juma linunue sehemu fulani ya mboga zake kwa wakulima wa Unguja na Pemba, liwape wafanyakazi wa msimu mikataba inayovuka masika, au liache viti kadhaa kwa nauli ya mwenyeji pale ndege inaporuka kati ya Zanzibar na Mombasa ikiwa na nafasi? Hilo la mwisho litahitaji mazungumzo na Kenya na marekebisho ya haki za kusafirisha abiria kati ya nchi mbili. Basi yafanywe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina majengo mazuri Arusha na watumishi wanaolipwa vizuri.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini naandika juu ya ndege wakati kuna mambo ya uchaguzi, ya katiba na ya haki za raia. Nawajibu kwamba anayeamua ratiba ya ndege ya Jumapili ana mamlaka juu ya kijana wa Matemwe kuliko diwani wake, na hakuna aliyempigia kura.

Mkutano wa bajeti wa Baraza la Wawakilishi utakapokaa Chukwani, wizara inayosimamia utalii na ile inayosimamia viwanja vya ndege zitasimama kuomba fedha. Waheshimiwa watasomewa idadi ya wageni. Naomba mmoja wao, wa chama chochote, ainuke aulize maswali matatu tu kabla ya kuunga mkono hoja: katika kila dola mia anayolipa mgeni wa furushi huko kwao, ni ngapi zilizoingia katika benki iliyopo Zanzibar, ni nafuu gani ya tozo au kodi waliyopewa wenye ndege na wenye jengo, na kwa miaka mingapi, na nauli ya chini kabisa ya ndege kati ya Unguja na Pemba kwa mkaazi ni shilingi ngapi mwezi huu. Majibu yatolewe kwa maandishi, na yaandikwe katika kumbukumbu rasmi za Baraza.